Ng'ombe Waliletwa Mara Tatu

Ijumaa jioni, Novemba. Nje kuna ile mvua ya Birmingham isiyonyesha wala kukatika, inayokulowesha polepole kama haina kazi nyingine ya kufanya.

Leo sina upole, shajara. Nimeingia ndani, nimevua viatu vilivyolowa, nimeweka boksi la keki mezani, na kabla hata ya kuvua koti nimefungua kompyuta. Nina dharau ya kutosha kujaza kurasa. Nisipoitua hapa, kesho itamwangukia mtu asiye na hatia kwenye foleni ya basi.

Naandika kwa Kiswahili makusudi. Kwenye kamati yetu ya utafiti hakuna anayekisoma, ingawa wote wanaitwa wabobezi wa mambo ya Waafrika.

Majina ya wagonjwa nimebadilisha, na haya sitayarusha hewani kwenye blogu mpaka nitakapokuwa nimerudi kutoka kwa mgonjwa mmoja mtaa wa Shard End siku ya Jumatatu. Sababu itaonekana yenyewe.

Kwa ambaye hanijui: mimi ni daktari wa saratani na ni mtafiti. Nusu ya wiki nipo kliniki, nusu nyingine nipo maabara na kwenye vikao, natafuta ni mabadiliko gani ya kurithi yanayowaletea saratani ya matiti wanawake wenye asili ya Afrika, na kwa nini wengi wao wanaugua wakiwa bado vijana. Swali hilo lilinianzia wodini Dar es Salaam. Wanawake wa rika langu walikuwa wanakuja na vidonda, na nilichokuwa nacho cha kuwapa ni dawa ya maumivu na kiti cha kukalia. Nikasoma. Nikasoma tena. Nikaja huku ambako mashine zipo.

Mashine zipo kweli. Akili ndiyo inayokuja kwa zamu.

Mkuu wa mradi ni mtu nitakayemwita Profesa, kwa sababu yeye mwenyewe hataki kuitwa kitu kingine. Ni mrefu, ana sauti ya mtu aliyesikilizwa tangu utotoni, na hajawahi kutamka neno Afrika bila kufumba macho kidogo, kama anaonja mchuzi. Alifika Nairobi mara moja kwa ajili ya mkutano na hakutoka nje ya hoteli. Nembo ya mradi aliichagua yeye: mti wa mgunga, na nyuma yake jua jekundu linazama. Wanawake wetu wanakaa mitaa ya Shard End na Hodge Hill, hapa hapa Birmingham. Mgunga wengine hawajawahi kuuona, na jua lenyewe wanaliona Julai, likijisikia.

Akisimama mbele ya watu husema "mwanamke wa Kiafrika", kama vile yuko mmoja tu na amemwacha nje kwenye gari. Msomali, Mnaijeria, Mkongo, Mjamaika ambaye bibi yake alizaliwa hapa hapa Handsworth, wote anawatia kwenye safu moja ya jedwali na kuipaka rangi ya chungwa. Ukimwambia kwamba watu wawili wa Afrika wanaweza kutofautiana kijenetiki kuliko yeye anavyotofautiana na Mjapani, anaitikia kwa kichwa, kwa heshima zote. Wiki inayofuata safu iko pale pale, na rangi yake ile ile.

Haya. Nieleze jambo lenyewe, nisije nikamaliza jioni nzima kwa kumsengenya.

Tukipima vinasaba vya mgonjwa, tunatafuta badiliko kwenye jeni zinazojulikana kuleta saratani ya matiti. Tukilipata, tunaliangalia kwenye hazina kubwa za kumbukumbu za dunia. Kama lina rekodi ya kuleta ugonjwa, tunajua cha kufanya. Kama halina, tunaandika kwamba maana yake haijulikani. Na hazina hizo zimejaa watu wanaofanana na majirani wa Profesa. Kwa hiyo mwanamke wa kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika anakuja na badiliko ambalo labda liko kwao tangu enzi za mababu, limeshazika wanawake wengi tu, halafu anaambiwa: haijulikani.

Haijulikani kwa nani?

Mgonjwa wangu nitamwita Mama Aline. Ni mtu wa Uvira, Kongo ya mashariki. Alikuja na mume na watoto kama wakimbizi, baada ya kukaa kambini miaka mingi. Alipata saratani ya titi kabla ya kufika arobaini. Tukamtibu, akapona, na tukapata kwenye damu yake badiliko ambalo mimi tangu siku ya kwanza nililitilia shaka. Kwenye maabara lilionekana kuiharibu kabisa kazi ya jeni ile. Wanawake wengine wa ukanda ule wa maziwa tuliowapima walikuwa nalo, na walikuwa wagonjwa. Kilichokosekana ni ushahidi wa familia, yaani ndugu wa damu mwenye badiliko hilo hilo na ugonjwa huo huo. Bila huo, kamati inaliacha kwenye kapu la yasiyojulikana.

Na likikaa kwenye kapu hilo, binti yake Aline hapimwi. Utaratibu ndio huo. Huwezi kumpima mtoto kwa kitu ambacho hujui kama ni kibaya. Kwa hiyo hapati picha za matiti za kila mwaka, hapati ushauri, hapati chochote. Anaambiwa arudi akiona uvimbe.

Aline ana miaka ishirini na minne. Anauza kwenye duka la dawa, amechumbiwa, na Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Amezaliwa kambini na kukulia hapa. Mama yake alipougua alikuwa hajauzidi sana umri huo. Haya mahesabu anaweza kuyafanya mwenyewe, hahitaji kamati.

Dodoso la mradi lilimuuliza Mama Aline kama kuna mtu katika familia yake aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Akajibu hapana. Profesa akalishika jibu hilo kama mtoto aliyeshika pipi. Kila nilipolileta jambo mezani aliniambia kwamba familia ni safi, na kwamba labda mimi niko karibu mno na jamii hii. Alilisema kwa upole. Yeye akiwa karibu na jedwali lake anaitwa makini, mimi nikiwa karibu na wagonjwa wangu naitwa mwenye mihemko.

Mwezi uliopita, Jumamosi, nikachoka. Nikapanda basi mpaka Shard End.

Nyumba yao iko kwenye zile safu za halmashauri, mlango wa bluu, viatu kumi nje ya kizingiti. Mama Aline alinikalisha kwenye kochi lililofunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono na kuniletea chai yenye tangawizi. Nikamuuliza lile swali la dodoso kama lilivyo, ili nisikie mwenyewe.

"Docta, banauliza famille yangu," alisema. "Miye nikabaambia ukweli. Mu famille yetu hakuna mutu aligonjwaka titi. Hakuna kabisa."

Hakuwa anaficha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeapa. Hapo nikamkumbuka bibi yangu.

Nimezaliwa Musoma. Kwetu shangazi zangu wakija msibani wanapewa viti vya wageni. Walizaliwa kwenye nyumba ile ile, wamecheza kwenye uwanja ule ule, lakini ng'ombe wao walishaletwa na kuliwa, kwa hiyo wao ni watu wa kwa fulani. Watoto wao vile vile ni wa ukoo wa baba zao. Bibi alikuwa akitaja watu wa nyumbani kwake, binti zake hawamo. Aliwapenda kama macho yake. Hawakuwa wa kwake tu.

Na Profesa na wenzake, wenye shahada zinazojaa ukuta, walitengeneza dodoso la wanawake wa Kiafrika bila hata mmoja kuuliza mwanamke wa Kiafrika anahesabu vipi watu wa kwao.

Nikaweka kikombe chini.

"Mama Aline," nikamuuliza, "kwa babu yako mzaa baba, ng'ombe wa mahari waliletwa mara ngapi?"

Alicheka kwanza. Nadhani hakutegemea daktari aje Shard End kuuliza ng'ombe. Halafu akajibu papo hapo, maana hicho ni kitu mtu hasahau.

"Mara tatu. Binti ya kwanza iko mu muji ya Baraka mpaka leo, ni muzee sasa. Ya pili alikufaka ku kuzala. Ya tatu, Mama Espérance, ule njo alikufaka na kidonda ya titi."

Nikatoa kalamu na karatasi.

"Na huyo Espérance yuko wapi?"

"Si iko hapa Hodge Hill? Tunaimbaka naye mu chorale. Na yeye balimukata titi, mwaka yenye ilipita."

Shajara, niliona giza. Binti wa shangazi yake. Damu moja kabisa. Kila Jumapili wanasimama bega kwa bega, wamevaa kitenge cha sare, wanaimba sauti ya pili, kila mmoja ana kovu kifuani, na kwenye jedwali la Profesa hawa ni watu wawili wasiohusiana.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kwa huruma, kama mtoto wa watu asiyefundwa.

"Aa, Docta! Ng'ombe balishaleta, tukakula. Ule ni mutu ya kwa batu. Miye nitatajaje magonjwa ya nyumba ya batu kwa muzungu?"

Ni adabu. Mwanamke wa watu anakuwa na heshima yake na siri za mwili wake, wewe ndugu wa huku huendi kuzitangaza hospitali. Na pia, kama wengi, Mama Aline alidhani ugonjwa wa titi unatoka kwa mama tu. Nikamchorea: babu, baba yake, shangazi. Nikamweleza kwamba baba anaweza kulibeba badiliko maisha yake yote, asiugue, halafu akampa bintiye. Alipitisha kidole kwenye mistari ya mchoro.

"Kumbe," alisema. Hilo tu.

Kule kwao hakuna mgeni anayetoka bila sala. Nilipoinuka, alinishika mkono, na Aline aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni muda wote huo akaja akashika mwingine. Mama Aline akafumba macho.

"Baba, weye njo unajua vyote. Ile kitu baliona mu damu yangu, isikuwe kitu. Isikuwe kitu kwa Aline. Ibakie vile iko, bashindwe kuijua."

Nikaitikia Amina. Kwa sauti.

Aline hakuitikia. Alinisindikiza hadi kituoni, mikono mifukoni, na basi lilipotokea akaniambia, akiniita shangazi kwa Kifaransa cha kwao: "Tantine, find out. Please. I can't plan my life around a maybe."

Mama anaomba kisijulikane, mtoto anaomba kijulikane. Nami nimewaahidi wote wawili ndani ya nusu saa moja.

Lakini kuna kitu kingine Mama Aline aliniambia mlangoni, kabla sijatoka, akiwa ameshika kitasa. "Docta, barua ya hospitali siitake. Kama ni muzuri, unipigiye tu simu. Kama ni mubaya, ukuye weye mwenyewe, hapa mu nyumba." Nikamwambia sawa, Mama, nimekuelewa.

Kesho yake nikaenda kanisani kwao nikakutana na Espérance. Ni mwembamba, mcheshi, ana kicheko cha kugeuza watu vichwa. Kumbe alishapimwa katika hospitali nyingine ya mji huu huu. Walikuta badiliko. Wakamwambia maana yake haijulikani! Kule alimtaja mama yake mzazi aliyekufa, lakini hakumtaja Mama Aline, kwa sababu Mama Aline ni wa kwa wajomba. Hospitali mbili, mji mmoja, jibu moja la kijinga, na baina yao ni mwendo wa basi moja. Akakubali majibu yake yaletwe kwetu. "Chukua, Docta. Miye sina kitu ya kuficha tena, balishakata."

Majibu yamefika wiki hii. Badiliko ni lile lile, herufi kwa herufi.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya kikao. Siku ya kuamua kama linatoka kwenye kapu.

Nimevaa suti nyeusi. Nimekwenda mapema nikakaa kiti kinachotazamana na Profesa, ili nisikose kitu usoni pake. Nikaeleza polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza: babu huyu, watoto hawa, mahari mara tatu, shangazi wa tatu amekufa kwa ugonjwa wa titi, bintiye ana ugonjwa na badiliko, mpwa wa shangazi ana ugonjwa na badiliko.

Profesa akavua miwani. Akauliza tutakuwaje na uhakika kwamba ni ndugu, ikiwa majina yao ya ukoo ni tofauti.

Nikamuuliza dada zake wawili wanatumia majina ya nani.

Mama mmoja wa maabara akakohoa, na najua hakuwa na kikohozi. Dada za Profesa wameolewa, wote wawili, na kila Krismasi anatuletea habari zao bila kuulizwa. Akavaa miwani. Akasema hoja imepokelewa.

Ilichukua dakika chache tu baada ya hapo. Miezi na miezi ya kuambiwa niko karibu mno na jamii, halafu dakika chache. Badiliko limehamishwa: sasa linahesabiwa kuwa huenda linaleta ugonjwa, na kwa lugha ya kazi yetu hiyo inatosha. Aline atapimwa. Espérance na ndugu zake watapimwa. Kila mwanamke mwenye badiliko hilo, popote atakapopimwa, hataambiwa tena kwamba halijulikani.

Ungedhani Profesa angeona haya. Haya haimo kwenye mitaala yao. Kabla hatujainuka alisema kwamba swali lile la ng'ombe limemvutia sana, kwamba ni ugunduzi wa kimbinu, na kwamba analitaka kwenye dodoso la washiriki wote. Wote! Nikamwambia washiriki wengi wetu wana asili ya Jamaika, wamezaliwa hapa, bibi zao wamezaliwa hapa, ukimuuliza mama wa Handsworth ng'ombe wa babu yake atakufukuza na mwavuli. Profesa akafikiri. Kisha akaniuliza, kwa dhati kabisa, kalamu mkononi, Wajamaika wao hutoa mnyama gani.

Nikakusanya karatasi zangu. Kuna maswali ambayo ukiyajibu unakuwa umeshiriki.

Nikatoka. Nimevuka uwanja wa magari karibu nakimbia, mvua yote usoni, na nilipofika kituoni nilikuwa nacheka peke yangu. Nimewashinda. Watu wazima waliosoma, na bibi yangu ambaye hakukanyaga darasa hata siku moja amewapiga chini akiwa kaburini. Nikatoa simu nikamwandikia Aline: "Nakuja kwenu Jumatatu jioni!" Nikaweka na alama ya mshangao, mimi ambaye huwa naona alama ya mshangao ni ya watu wenye upungufu wa hoja.

Halafu nikashuka Moseley, ninakokaa, nikaingia kwenye mkahawa ule wa kona ambako mbwa wanaheshimiwa kuliko wahudumu, nikanunua keki ya karoti nzima. Kijana wa kaunta akauliza kama ni siku ya kuzaliwa ya mtu. Nikamwambia ni ushindi. Akasema hongera, akafunga na utepe.

Sasa iko hapa mezani na utepe wake.

Wakati naandika haya, barua pepe ya Profesa imeingia. Ameituma kwa kamati nzima. Anapendekeza makala ya pamoja kuhusu "mbinu ya ng'ombe", yeye jina la kwanza. Nimeisoma mara moja nikaifunga. Ajabu ni kwamba haikuniuma. Nilikuwa nimeshakata kipande cha keki, na kisu bado kilikuwa mkononi, na ghafla nikajiona.

Ninasherehekea nini hasa?

Nimeshinda, sawa. Zawadi ya ushindi wangu ni kwamba mama mmoja wa Shard End ataambiwa kuwa alichonacho ni kitu. Kwamba upande wa pili wa kifua chake bado uko hatarini. Kwamba binti yake ana nusu kwa nusu ya kuwa amekirithi kutoka kwake. Kile alichokiomba akiwa amenishika mkono ndicho nilichokwenda kukivunja, kwa suti nyeusi na kwa furaha. Nilikuwa na haki, na ningekifanya tena kesho asubuhi. Aline anahitaji kujua, maana asiyejua hapimwi, na asiyepimwa ndiye niliyemkuta wodini Dar. Lakini hakuna mtu aliyeninunulia keki kwa ajili ya jambo hilo. Nimejinunulia mwenyewe.

Hapo ndipo simu ikalia. Ujumbe wa Aline. Naunakili kama ulivyo:

"Tantine, Mum made me read your text twice. She's turned off the cooker and gone upstairs. You said you'd ring if it was good."

Nimeusoma nimesimama.

Aliniambia. Alishika kitasa akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka, kama ni nzuri piga simu, kama ni mbaya njoo mwenyewe. Nikamjibu nimekuelewa. Na leo nimesimama kituoni, nikicheka, nikamtumia habari mbaya kuliko zote za maisha yake kwa maneno manne na alama ya mshangao. Tena nimemfanya mtoto amsomee mama yake. Yeye amezima jiko, amepanda juu, anajua.

Jioni nzima nimekaa hapa nikiwacheka watu waliomuuliza Mama Aline swali na wasilisikie jibu lake. Dodoso la Profesa angalau halikumwambia nimekuelewa.

Sina hamu ya kumsema mtu tena. Dharau yote niliyokuja nayo iko pale pale, imekosa tu mahali pa kukaa isipokuwa kwangu.

Nimempigia Aline. Amepokea, nikasikia televisheni kwa mbali na mtu anatembea juu ya dari. Nikamwambia nakuja. Akasema, "Monday?" Nikamwambia hapana, mwanangu, nakuja sasa hivi, mwambie Mama nakuja sasa hivi, na usimwambie kitu kingine. Akasema okay. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaniuliza kwa Kiswahili, tena cha mama yake: "Ni mubaya sana?"

Nikamwambia tutakaa chini wote watatu, nitawaeleza, na kwamba kuna mambo ya kufanya, mengi, na tutayafanya mapema. Ni kweli. Sijamdanganya neno hata moja. Sauti yangu ilikuwa ile ya wodini.

Basi la kuelekea huko linapita baada ya muda mfupi. Keki naiacha. Siwezi kuingia kwenye nyumba ile nimebeba boksi lenye utepe.

Najua jinsi ya kueleza jeni, na kapu, na picha za kila mwaka. Nimefanya hivyo kwa lugha mbili na mbele ya kumbi zilizojaa. Nisichokijua ni kitu kimoja tu: akifungua ule mlango wa bluu, akanitazama, mimi niliyeitikia Amina, nianze na lipi, pole au ukweli?

Viatu bado vimelowa. Navivaa hivyo hivyo.